Programu imemaliza bila kosa, lakini nyuzi za ubongo zinapotea njia

SWALI: Habari za kazi. Nina picha za MRI za difusheni, yaani zinazoonyesha jinsi maji yanavyosogea ndani ya ubongo, za watu 48, na zote nimezipitisha kwenye QSIPrep, programu ya kuziandaa, ndani ya kontena (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji). Hakuna hata moja iliyokwama. Ramani za FA (kipimo cha jinsi maji yanavyofuata upande mmoja) zinapendeza na rangi zimekaa mahali pake. Ila nikianza kuchora nyuzi, zile za sehemu ya mbele ya kopasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo) zinakatika baada ya hatua chache. Nishushe kizingiti cha FA kutoka 0.2, au programu ndiyo mbovu?

JIBU: Kizingiti kiache kwanza. Ukikishusha utapata nyuzi nyingi zaidi, lakini zitakuwa nyuzi za kubuni, na tatizo litazidi kujificha. Kwa dalili ulizoeleza, ninachoshuku ni faili ya bvec, inayoorodhesha mielekeo ambayo difusheni ilipimwa: mhimili mmoja, mara nyingi ule wa kulia na kushoto, una alama iliyogeuka. Pale palipotakiwa kuwa na kutoa pana kujumlisha, na kinyume chake.

Utauliza, mbona FA haikuonyesha kitu? Kwa sababu haiwezi. FA inapima jinsi maji yanavyopendelea kusogea upande mmoja kuliko mwingine ndani ya vokseli (kijisanduku kimoja cha picha), kuanzia 0 hadi 1. Ukigeuza mhimili mmoja kwa vipimo vyote, tensa, yaani umbo la kihesabu linaloeleza maji yanavyosogea kila upande, inageuka kama taswira kwenye kioo, lakini umbo lake ni lile lile na FA ni ile ile. Rangi nazo hazikusaidii. Nyekundu ni kulia na kushoto, kijani mbele na nyuma, bluu juu na chini, na zinakokotolewa bila kujali alama. Hata eddy, zana inayosahihisha mtikisiko wa kichwa, haitalalamika, maana pembe kati ya mwelekeo mmoja na mwingine hazijabadilika. Anayegundua ni mchoraji wa nyuzi peke yake, kwa sababu yeye ndiye anayelazimika kutoka vokseli moja kwenda nyingine.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Niliwahi kuchambua kundi zima kwa FA tu, nikaridhika, na kosa likaonekana siku niliyojaribu kuchora njia moja.

Kwa hiyo weka ramani pembeni uangalie vistari. Fungua V1, yaani mwelekeo mkuu wa tensa, ndani ya FSLeyes, programu ya kutazama picha, uchague ionyeshwe kama mistari juu ya FA. Chukua mkato mlalo unaopita sehemu ya mbele ya kopasi kalosamu. Pale katikati kabisa usipatazame, kwa sababu nyuzi zinakwenda kulia na kushoto moja kwa moja na kosa halionekani. Tazama pembeni, zinapoanza kupinda kwenda mbele kama pembe za ng'ombe. Vistari vinatakiwa kulala juu ya mpindo huo, kimoja kikifuata kingine. Ukiona vinaukata mpindo kimshazari, kama miba ya samaki kwenye uti wake, umempata mwizi.

Kisha thibitisha kwa dwigradcheck, amri iliyomo kwenye programu ya MRtrix3. Yenyewe inajaribu kugeuza na kubadilishana mihimili, inachora nyuzi kwa kila jaribio, na kupendekeza mpangilio uliotoa nyuzi ndefu zaidi kwa wastani. Ni mantiki rahisi, lakini hunisaidia karibu kila mara. Ijaribu kwa watu watatu wanne, ukiwachagua kutoka vipindi tofauti vya upigaji picha. Huenda si wote 48 walioharibika.

Chanzo? Kwa kawaida ni picha iliyogeuzwa kwa programu moja huku bvec ikiachwa kama ilivyokuwa. Mwelekeo katika bvec ya mtindo wa FSL (mkusanyiko wa programu za picha za ubongo) unasomwa kwa kufuata mihimili ya picha yenyewe, si ya skana. Kama unazo faili asili za DICOM, yaani zilizotoka kwenye skana, njia salama ni kuzibadilisha upya kwa dcm2niix na kutogusa chochote baada ya hapo. Kama huna, geuza alama za mstari wa kwanza wa bvec, ambao kwa kawaida ndio wa mhimili wa kulia na kushoto.

Urekebishe faili za kuingizia, usizibandike kiraka mwishoni. Kichwa kinapotikisika, eddy huzungusha na mielekeo ili iendane na picha. Ikizungusha mielekeo iliyokwisha kugeuka, kosa jipya linachanganyika na la zamani.

Programu yenyewe si mbovu. Ninaipenda kuliko skripti zangu za zamani, kwa vile inashika mpangilio ambao mikono huusahau, kwa mfano kupunguza kelele kabla ya hatua yoyote inayosogeza vokseli. Lakini inaamini unachoipa. Ukiwa unarudia, soma pia kwenye ripoti kama upotovu wa picha ulisahihishwa. Picha za b0 (zisizopimwa difusheni) zilizopigwa kwa mwelekeo wa kinyume zisipofungamanishwa na zile za difusheni kwa mstari wa IntendedFor katika faili yake ya maelezo ya JSON, kazi inaweza kuendelea bila hatua hiyo.

Na kabla ya kuanza, futa folda ya kazi ya mara ya kwanza, isije ikaokota matokeo ya zamani.