Mumeo hajakataza upasuaji, ameuliza swali

*Shangazi, nina miaka 57 na ninaishi na Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha neva za miguu na mikono. Goti la kulia limesagika, usiku silali. Daktari wa mifupa amekubali kuniwekea goti bandia, lakini mume wangu kila siku ananiuliza kama daktari huyo anajua habari za neva zangu. Naona hataki nipone, amezoea nimtegemee. Nifanyiwe bila kumwambia?*

Pole, dada. Goti linalomnyima mtu usingizi ni mateso.

Lakini barua yako ina pengo. Hakuna mahali uliposema kwamba daktari wa mifupa umemweleza ugonjwa wako. Umenieleza mimi nisiyeshika kisu, ukamficha anayekishika. Mumeo ameligundua hilo, nawe unaliita hila. Niko upande wake. Angetaka umtegemee maisha yako yote, angenyamaza tu uingie chumba cha upasuaji kichwakichwa. Mficha uchi hazai.

Goti bandia huondoa sehemu zilizosagika, halifufui neva. Ganzi ya nyayo na ule mwasho wa moto miguuni, kama unao, utaamka navyo vilevile. Je, kuna aliyekupima akajua maumivu ya usiku yanatoka kwenye goti kiasi gani, na kwenye neva kiasi gani? Tena goti hilo hutegemea misuli ya mbele ya paja. Misuli ikiwa dhaifu, goti huweza kupinda kwa nyuma au kukuangusha. Daktari akijua mapema anaweza kuchagua goti la bawaba linalojishikilia zaidi, au akakushauri usubiri. Wapo wenye ugonjwa huu waliobadilishiwa goti wakapata nafuu, kwa hiyo sikukatishi tamaa. Ugonjwa umeandikwa tangu 1886, hauna aibu yoyote, ila madaktari wengi wa mifupa hawakutani nao mara kwa mara. Usimwachie abahatishe.

Mtaalamu wa usingizi, yule atakayekulaza au kukutia ganzi wakati wa upasuaji, naye lazima ajue. Neva zilizokwisha kudhoofika huumia upesi: kwa sindano ya ganzi, kwa mkanda unaobana paja, hata kwa mguu kulazwa vibaya mezani.

Halafu umefikiria utakavyotembea baada ya hapo? Magongo yanataka mikono yenye nguvu, na mikono yako umeitaja mwenyewe. Ukikaa kitandani muda mrefu, misuli iliyobaki nayo itapungua. Nani atakuinua, kama si huyo unayetaka kumficha?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mke akiulizwa, anasema anatawaliwa. Mume akiulizwa, anasema amevunjiwa heshima. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mtu na faili lake la hospitali chini ya mto. Kuulizwa ni kujaliwa, dada! Wapo wanaougua miaka bila kuulizwa na mtu hata wamelalaje.

Kabla ya kukubali tarehe yoyote, nenda kwa daktari wako wa neva akupime nguvu za paja na za mikono, aandike barua. Mpelekee daktari wa mifupa, mumeo akiwa kando yako. Anza mazoezi ya viungo sasa, usingoje kushonwa. Madaktari hao wawili wakikubaliana kwamba misuli inatosha, kafanyiwe, wala usiogope.