Mérida, jiji la mawe ya Wamaya na fedha ya mkonge: maswali yenu

Tangu nilipoandika kuhusu Mérida, makao makuu ya jimbo la Yucatán huko kusini-mashariki mwa Mexico, maswali yamemiminika. Nimechagua yale yaliyoulizwa na wengi. Mengine yanahitaji maneno mawili tu, na mengine nimeshindwa kuyafupisha.

Nitakuwa Mexico siku nne tu. Kila mtu ananiambia Cancún, wewe unasema Mérida. Kuna nini huko? (Msomaji, Mombasa)

Ufuo mzuri unao hapo Nyali. Mérida nenda ukaone namna jiji moja lilivyojengwa juu ya jingine.

Lilianzishwa tarehe 6 Januari 1542 na Francisco de Montejo, mtoto wa yule kamanda aliyekuwa na jina hilohilo, juu ya mji wa Wamaya, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ulioitwa T'hó. Wahispania walikuta mahekalu marefu ya mawe, wakayabomoa na kuyatumia mawe yaleyale kujengea. Anzia uwanja mkuu, Plaza Grande. Upande wa mashariki limesimama kanisa kuu la San Ildefonso, lililokamilika mwaka 1598, na mawe yake ni ya T'hó. Ndani halina madoido mengi: ni nguzo nene, dari ya juu na kuta tupu, kwa sababu lilivamiwa na kuporwa wakati wa Mapinduzi ya Mexico, mwaka 1915.

Kisha vuka uwanja uende upande wa kusini, ilipo Casa de Montejo, nyumba ya familia ya mwanzilishi. Sura yake ya mbele ni ya mwaka 1549. Usiipige picha ukaondoka. Sogea, inua macho juu ya mlango: utaona askari wawili wa Kihispania, mmoja kila upande, wamevaa deraya na kushika mikuki. Sasa shuka na macho hadi miguuni mwao. Wamekanyaga vichwa vya watu, na vichwa hivyo vimepanua vinywa kama vinavyopiga kelele. Mwenye nyumba alitaka kila apitaye aone nani yuko juu na nani yuko chini. Leo mle ndani ni makumbusho, na kuingia ni bure.

Ukishatoka hapo nenda upande wa kaskazini, Ikulu ya jimbo, Palacio de Gobierno. Nayo ni bure. Kuta zake zimejaa michoro mikubwa ya Fernando Castro Pacheco, mzaliwa wa Mérida, na inasimulia historia hiyohiyo kutoka upande wa waliokanyagwa: vitu vitakatifu vya Wamaya vikichomwa moto, Wamaya wakiuzwa utumwani Cuba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Mimi huwashauri watu waone vitu hivi viwili siku moja, kwa mpangilio huo, nyumba ya Montejo kwanza, michoro baadaye. Kitazame kimoja bila kingine na utakuwa umeona nusu ya jiji.

Shikamoo. Marehemu baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe. Nimesikia mkonge wetu asili yake ni huko. Ni kweli? (Msomaji, Muheza)

Marahaba, na pole kwa baba. Ni kweli kabisa.

Jina sisal, ambalo dunia nzima hulitumia kuuita mkonge, ni la bandari ndogo ya Yucatán, kama kilomita 50 kaskazini-magharibi ya Mérida. Nyuzi zilipakiwa melini hapo, na watu wa ng'ambo wakaziita kwa jina la bandari. Mmea wenyewe ulipelekwa Florida kutoka Yucatán katika miaka ya 1830. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba yote unayoyajua wewe, Pangani, Korogwe, Muheza hadi Kilosa, na kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani.

Huko Yucatán wenyewe walilima zaidi ndugu yake, henequén, ambao ukiuona utasema ni mkonge tu. Mwishoni mwa karne ya 19 mashine za kuvunia ngano za Marekani zilihitaji kamba ya kufungia miganda, na kamba hiyo ilitoka huko. Matajiri wa Mérida walipata fedha isiyo kifani. Waliitumia kujenga barabara pana ya Paseo de Montejo, yenye miti pande zote mbili, na majumba ya mtindo wa Kifaransa. Mojawapo, Palacio Cantón, lilijengwa kati ya mwaka 1909 na 1911 kwa ajili ya jenerali mmoja na leo ni makumbusho ya historia ya jimbo.

Ila fedha ile ilitoka migongoni mwa watu. Wamaya waliishi ndani ya mashamba wakiwa wamefungwa kwa deni. Mtu alikopa harusini, akakopa tena mtoto alipougua, vitu vyote akinunua kwenye duka la bwana shamba, na deni halikuisha mpaka anakufa. Serikali ya rais Porfirio Díaz iliwaleta kwa nguvu Wayaqui, kabila la wenyeji, kutoka Sonora, kaskazini kabisa mwa nchi. Mwaka 1905 waliletwa Wakorea zaidi ya 1,000 kwa mkataba. Baba yako alikuwa na kipande chake, kadi ya kazi ya siku 30. Kibarua wa Yucatán alikuwa na daftari la deni. Mapinduzi yalipofika huko, mwaka 1914 na 1915, ndipo madeni yale yalipofutwa.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda, usiishie Paseo de Montejo. Toka nje ya jiji uende Hacienda Sotuta de Peón, shamba la zamani ambalo bado linachakata henequén kuwaonyesha wageni. Utapanda kigari kinachovutwa na nyumbu juu ya reli nyembamba, ileile aina ya trolii iliyokuwa inabeba majani mashambani kwetu. Utaona jani likiingia kwenye mashine likiwa nene na la kijani, maji yake yakiruka, na upande wa pili zikitoka singa ndefu zilizolowa, kisha zinaanikwa juani hadi ziwe za rangi ya krimu. Mtoto wa Korogwe hahitaji mtu wa kumweleza pale. Yaxcopoil, shamba jingine la zamani kwenye barabara ya kwenda magofu ya Uxmal, nayo inafaa: nyumba kubwa na mitambo imeachwa kama ilivyokuwa, bila kupakwa rangi upya, na mimi naipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Viza inapatikanaje? (Wasomaji kadhaa, Dar es Salaam na Nairobi)

Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza ya Mexico, na ubalozi wa kushughulika nao uko Nairobi. Mexico imekuwa ikiwaruhusu kuingia bila viza yake wageni wenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen. Hata hivyo sheria hizi hubadilishwa, kwa hiyo uliza ubalozini kabla ya kulipia tiketi. Jambo linalowakwamisha wengi ni hili: ukikata tiketi inayopitia Marekani, hata kama unabadilisha ndege tu, lazima uwe na viza ya Marekani. Asiye nayo apitie Ulaya hadi Mexico City au Cancún, kisha achukue ndege ya ndani au basi mpaka Mérida.

Mimi ni Mwislamu. Nimeambiwa chakula cha Yucatán ni nguruwe mtupu. Nitakula nini? (Msomaji, Zanzibar)

Wamekwambia ukweli kiasi. Chakula kinachosifiwa kuliko vyote ni cochinita pibil, nguruwe aliyekolezwa viungo, akafungwa kwa majani ya mgomba na kupikwa polepole, kwa asili ndani ya shimo. Poc chuc pia ni nguruwe. Majina hayo mawili yakariri ili uyakwepe.

Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Mafuta ya nguruwe huitwa manteca, nayo huingia kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamales (unga wa mahindi uliofungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke) na mara nyingi kwenye kikaango. Maharage yatakayoletwa mezani usidhani ni salama kwa kuwa hayana nyama. Uliza kila mara: “¿Tiene manteca?” Wahudumu hawachukizwi na swali hilo, wanakujibu vizuri tu.

Vya kula vipo. Pwani iko karibu, bandari ya Progreso haifiki kilomita 40, na samaki ni wengi. Omba tikin xic, samaki aliyepakwa viungo vyekundu vya achiote na maji ya danzi (chungwa chungu) na kuokwa juu ya jani la mgomba. Mtu wa Forodhani ataelewa mara moja. Papadzules ni chapati laini za mahindi zilizojazwa mayai ya kuchemsha na kumwagiwa mchuzi wa mbegu za maboga. Sopa de lima ni supu ya kuku au bata mzinga yenye ndimu ya kwao, ila kuku huyo hatakuwa wa kuchinjwa kihalali, na hapo uamuzi ni wako na dini yako. Matunda sokoni Lucas de Gálvez utayajua karibu yote: papai, stafeli, parachichi. Hayo asili yake ni Amerika, sisi ndio tuliyapokea baadaye.

Pilipili yao ni habanero. Ikiletwa kwenye kibakuli pembeni, onja kwa ncha ya uma kwanza, hata wewe uliyezoea pilipili kichaa.

Anwani niliyopewa ya hoteli imeandikwa “60 x 57 y 59”. Hii ni hesabu gani? (Msomaji, Houston)

Mitaa ya katikati ya jiji haina majina, ina namba. Ya namba shufwa inakwenda kaskazini na kusini, ya namba witiri inakwenda mashariki na magharibi. Hoteli yako iko mtaa wa 60, kati ya wa 57 na wa 59. Plaza Grande imezungukwa na mitaa ya 60, 61, 62 na 63. Ukishika hilo hupotei tena.

Sisi ni familia ya Waafrika. Watatushangaa? (Msomaji, Lubumbashi)

Wapo watakaowaangalia mara mbili, hasa watoto. Lakini Waafrika si wageni katika nchi ile. Waliletwa utumwani tangu mwanzo wa utawala wa Kihispania, na Mérida yenyewe walikuwepo: kanisa dogo la Santa Lucía, mtaa wa 60, lilijengwa karne ya 16 kwa ajili ya watumwa weusi na machotara. Katika Campeche, jiji jirani, uchimbaji wa mwaka 2000 ulifukua makaburi ya mapema ya kikoloni yenye mifupa ya Waafrika waliozaliwa Afrika. Baadhi ya Waafrika walioletwa Mexico walitoka hata upande wetu wa bara: watu wa Msumbiji waliuzwa hadi Manila, na kutoka huko wakapelekwa Acapulco kwa merikebu za Wahispania.

Mexico iliwatambua Waafrika wake ndani ya katiba mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya watu milioni 2.5 waliojitaja kuwa wa asili hiyo. Ni kuchelewa kukubwa, na kunaniuma kila ninapokufikiria. Alhamisi jioni nendeni kwenye bustani iliyo mbele ya kanisa hilo la Santa Lucía. Kuna muziki na ngoma za Yucatán mbele ya umma, bila kiingilio, desturi iliyoanza mwaka 1965. Fikeni mapema mpate viti, na mkiwa mmekaa wakumbukeni wale waliojengewa kanisa lile kama sehemu ya wenyeji wa jiji.

Chichén Itzá au Uxmal? Siku ninayo moja. (Msomaji, Kampala)

Uxmal. Yote mawili ni magofu ya miji ya kale ya Wamaya. Uxmal iko kama kilomita 80 kusini mwa Mérida, watu ni wachache, na unaweza kutulia mbele ya jengo moja kwa muda unaoutaka. Chichén Itzá, kama kilomita 120 mashariki, ni ya ajabu kweli, lakini misafara ya mabasi huijaza tangu asubuhi na piramidi kubwa hairuhusiwi kupandwa. Pale Uxmal tafuta nyuso za Chaac, mungu wa mvua, mwenye pua ndefu iliyopinda, zimepangwa moja juu ya nyingine kwenye pembe za majengo. Eneo hilo la Yucatán halina mito ya juu ya ardhi, maji yako chini ya chokaa, na eneo la Uxmal hata visima vya asili hakuna. Walitegemea mvua waliyoikinga wenyewe. Ukijua hilo utaelewa kwa nini uso wa mungu huyo umerudiwa mara nyingi hivyo.

Mwezi gani unafaa? (Msomaji, Mwanza)

Novemba hadi Februari. Aprili na Mei joto hufika nyuzi 40, na wewe wa Mwanza hulijui joto la namna hiyo. Mvua ni Juni hadi Oktoba, na vimbunga vinaweza kuja hadi Novemba. Wakati wowote utakaokwenda, tembea asubuhi, pumzika mchana kama wenyeji, toka tena jua likizama. Jumapili asubuhi Paseo de Montejo hufungiwa magari na kuachiwa baiskeli, nawe ukodi moja.

Ninunue nini cha kurudi nacho? (Msomaji, Muscat)

Bembea ya kulalia, hamaca. Huko watu wengi hulala humo usiku kucha, hivyo wanaijua kazi yake. Kagua ncha mbili: nyuzi ziwe nyingi na zimefungwa kwa nguvu, na mwili wake usukwe kwa uzi mwembamba uliobanana. Chukua ya pamba. Za henequén zipo, ni imara, ila zinakwaruza ngozi.