Usiku wa Nyota Kipupwe Hiki: Adui Ni Foleni

Kuna dada wa Kasulu ameniandikia juzi. Anataka kuwakusanya majirani watazame nyota, ila anahofia baridi ya Julai itawafungia ndani. Dada yangu, Julai ndiyo yenyewe! Mvua hakuna, mawingu ya kuhesabu, na moshi wa mapori yanayochomwa haujachafua anga kama itakavyokuwa Septemba.

Jumamosi iliyopita uwanja wa mtaani kwetu hapa Tabora ulijaa hadi nikakosa pa kuweka stuli. Nalisema hili kwa makusudi. Mwaka jana shule moja ilininyima uwanja jioni ileile ya shughuli, matangazo yameshabandikwa, eti nani atatoka na baridi hii kutazama nyota? Mkuu alisema mbele ya walimu wake, wakacheka. Sijasahau. Basi Jumamosi mmoja wa walimu hao alikuwa kwenye foleni, kajitanda shuka la Kimasai hadi puani. Nikampa zamu kama wengine, sikusema neno. Moyoni nilisema.

Sasa, baridi haifukuzi watu. Foleni ndiyo inayofukuza. Darubini moja, kila mtu anaing'ang'ania, wa mwisho anasimama saa nzima akitetemeka. Wape wanaosubiri kitu cha kuona. Saa tatu usiku Nge, lile kundi la nyota, ameshapanda juu, nyota yake nyekundu inaonekana kwa macho matupu. Kusini waonyeshe Msalaba wa nyota, na kando yake nyota ya Alpha Centauri, ambayo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4 kutufikia. Mzee mmoja alinikatiza hapo: "Kwa hiyo mwanangu, huu uliondoka kule mke wangu yuko hai?" Foleni nzima ikanyamaza, ikasahau baridi.

Chagua nusu mwezi, siyo mpevu: vivuli ndivyo vinavyoonyesha mashimo yake. Darubini itoe nje mapema ipoe. Jiko la chai ya tangawizi likae mbali, la sivyo joto lake litafanya mwezi ucheze kama uko ndani ya maji. Na watu wasihemee kioo, kinashika ukungu.

Ninyi vijana mnaosubiri mfadhili awaletee darubini kubwa, mtasubiri hadi mzeeke. Macho mmepewa bure, tokeni nje! Kila siku "tukipata vifaa, tukipata vifaa". Nimechoka kusikia.

Dada wa Kasulu, sukari nunua ya kutosha. Yangu iliisha kabla ya saa tatu.