Maswali ya Wasomaji: Damu Inayochelewa Kuganda

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu magonjwa ya kurithi yanayoizuia damu kuganda ipasavyo. Daktari wa safu hii amejibu nne kati ya hizo.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu wa kiume ana miezi 11. Tangu aanze kutambaa amekuwa akipata uvimbe na mavilio ya damu magotini na mapajani, na alipochanika mdomo kidogo tu, damu ilichuruzika usiku kucha. Hospitalini wamesema ana hemofilia A iliyo kali. Mimi sina tatizo, baba yake hana, na pande zote mbili hatujasikia mtu aliyeugua hivyo. Ndugu wa mume wangu wanasema kuna jambo nimelificha. Ugonjwa wa kurithi unatokeaje pasipo mtu wa kuurithisha?

JIBU: Marahaba, mama. Naomba nianze na hilo linalokuumiza zaidi: hukuficha kitu. Takriban thuluthi moja ya watu wenye hemofilia huzaliwa katika familia zisizo na historia yoyote ya ugonjwa huo, kwa sababu jeni inayohusika imebadilika upya, ama kwa mtoto mwenyewe, ama kizazi kimoja au viwili kabla yake.

Mshipa unapojeruhiwa, chembe sahani za damu hukusanyika hapo na kuweka kizibo cha muda, kisha protini kadhaa zilizomo katika plazma, ambazo wauguzi na wagonjwa wamezoea kuziita fakta, huamshana moja baada ya nyingine mpaka nyuzi za fibrini zinapokishikilia kizibo hicho kisibanduke. Mwanao ana upungufu wa fakta ya 8. Mwenye hemofilia B ana upungufu wa fakta ya 9. Kwa hiyo damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya watoto wengine, bali hutoka kwa muda mrefu zaidi, au hukoma na kuanza tena.

Jeni za fakta hizo mbili zimo katika kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, hivyo jeni hiyo ikiharibika hana nyingine ya kuifidia. Mnamo mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba karibu nusu ya hemofilia A iliyo kali inatokana na kipande cha jeni ya fakta ya 8 kujigeuza juu chini, na uchunguzi uliofuata ukabaini kwamba mgeuko huo hutokea karibu kila mara wakati mbegu za kiume zinapotengenezwa. Maana yake ni kwamba, kwa watoto wengi wa kundi hili, chanzo ni mbegu ya babu mzaa mama, ambaye mwenyewe hakuugua hata siku moja na ambaye hakuna awezaye kumlaumu. Hata familia zilizoandikwa sana katika historia ziko hivyo. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na mwana mwenye hemofilia, Leopold, na mabinti waliopeleka jeni hiyo katika koo nyingine za kifalme za Ulaya, ilhali kabla yake haujulikani mgonjwa yeyote katika ukoo huo. Mwaka 2009 uchunguzi wa mabaki ya vitukuu vyake wa Urusi ulithibitisha kuwa ilikuwa hemofilia B.

Nakuomba upimwe jeni wewe mwenyewe, pamoja na kiwango chako cha fakta ya 8. Ikiwa umeibeba jeni hiyo, kila mtoto wa kiume utakayemzaa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuwa na hemofilia, na kila binti ana uwezekano huohuo wa kuibeba, na wakunga wanapaswa kulijua jambo hili kabla ya uzazi ujao.

Kuhusu mtoto, hemofilia huitwa kali pale fakta inapokuwa chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida. Hatari ya kila siku haimo katika ngozi iliyokatika bali ndani ya maungio, yaani magoti, viwiko na vifundo vya miguu, ambako damu inayovuja mara kwa mara hula gegedu na kuacha ulemavu. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2007 uliwalinganisha watoto wadogo waliopewa fakta ya 8 kwa ratiba, kabla damu haijavuja, na wale waliopewa dozi nyingi pale tu ilipovuja. Walipofika umri wa miaka 6, asilimia 93 ya kundi la kwanza walikuwa na maungio yasiyo na madhara katika picha za MRI, na asilimia 55 tu katika kundi la pili. Basi msisubiri goti livimbe ndipo mwombe tiba ya kinga, iulizeni sasa.

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 22. Hedhi yangu huchukua siku 9 hadi 10, hutoka na mabonge, na nimeshaongezewa damu mara mbili. Mama na dada yangu wako vivyo hivyo, na mama husema ndivyo wanawake wa ukoo wetu tulivyoumbwa. Kipimo cha muda wa kuganda kwa damu kilitoka sawa. Nilipouliza kuhusu hemofilia nikajibiwa kwamba huo ni ugonjwa wa wanaume.

JIBU: Ulijibiwa isivyo sahihi, binti yangu, na jibu la aina hiyo limewagharimu wanawake wengi miaka mingi ya afya yao. Siwezi kuutaja ugonjwa wako kwa kusoma barua, lakini hedhi inayozidi siku 7, yenye mabonge, iliyokumaliza damu mpaka ukaongezewa, tena kwa mama na mabinti wawili, ni sababu tosha ya kutafuta ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu. Kwamba jambo linawapata wote nyumbani hakulifanyi kuwa la kawaida. Huenda ndicho kithibitisho kwamba limerithiwa.

Ningeanza kwa kuuwazia ugonjwa wa von Willebrand, ambao ndio unaoongoza kwa wingi miongoni mwa magonjwa haya. Jeni yake imo katika kromosomu ya 12, wala si katika X, kwa hiyo wanawake na wanaume huurithi kwa usawa, ingawa wanawake huuhisi zaidi kwa sababu ya hedhi na uzazi. Protini inayopungua, au isiyofanya kazi vizuri, ina majukumu mawili: huzinasa chembe sahani mahali penye jeraha, na huibeba fakta ya 8 isivunjwe mapema katika damu. Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1926 na daktari wa Finland, Erik von Willebrand, baada ya kumchunguza mtoto wa miaka 5 aliyeitwa Hjördis, wa visiwa vya Åland, pamoja na jamaa zake. Baadaye msichana huyo alifariki kwa kutokwa na damu katika hedhi yake ya nne. Karibu karne moja imepita, na bado wapo wasichana wanaoambiwa wavumilie.

Kipimo ulichofanyiwa hakitoshi. Muda wa jumla wa kuganda unaweza kuwa wa kawaida kabisa kwa mtu mwenye von Willebrand, hasa aina iliyo nyepesi. Omba vipimwe kiasi cha protini ya von Willebrand, utendaji wake, na fakta ya 8, na kama vyote viko sawa, utendaji wa chembe sahani. Majibu yakiwa karibu na mpaka, rudia baada ya muda, kwa kuwa kiwango cha protini hii hupanda kwa ujauzito, maambukizi na hata hofu, na watu wa kundi la damu O huwa nacho pungufu kwa takriban robo wakilinganishwa na wengine.

Hata hemofilia yenyewe huwapata wanawake. Katika kila seli ya mwanamke, X moja hunyamazishwa tangu akiwa kiinitete, na uchaguzi huo hauna mpangilio; bahati ikiwa mbaya, ile iliyo nzima ndiyo inayonyamazishwa katika seli nyingi, na fakta yake hushuka. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa wa kuganda kwa damu walikubaliana kwamba mwanamke mwenye fakta chini ya asilimia 40 atambuliwe kuwa na hemofilia, sawa na mwanamume. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulichelewa mno.

Dawa zipo. Asidi ya traneksamiki, iliyotangazwa na Utako Okamoto na mumewe nchini Japani mwaka 1962, huzuia bonge la damu lisiyeyuke mapema, na humezwa siku za hedhi tu. Desmopresini huufanya mwili uachie akiba yake ya protini ya von Willebrand iliyomo katika kuta za mishipa. Kuna pia dawa za homoni, na protini yenyewe kwa njia ya mshipa kwa wenye upungufu mkubwa. Wakati majibu yanasubiriwa, akiba yako ya madini ya chuma ipimwe na ijazwe. Mama na dada yako wapimwe pia.

SWALI: Mdogo wangu mwenye hemofilia anaumwa jino. Nimpe dawa gani ya maumivu?

JIBU: Parasetamoli, kwa dozi ya umri wake. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, maana hudhoofisha chembe sahani. Asichomwe sindano ya msuli kwa ajili ya maumivu. Jino lisiguswe kabla daktari wa meno hajazungumza na kliniki yake ya hemofilia, kwa sababu huenda akahitaji fakta kabla ya kung'olewa.

SWALI: Daktari, mwanangu, mimi ni mzee. Kijana wangu ana hemofilia B tangu azaliwe, na sasa ana mabinti wawili. Nasikia kuna tiba ya jeni inayoponya kwa dripu moja. Je, ni kweli, na itawakinga wajukuu zangu?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Habari hiyo ina ukweli mwingi. Virusi visivyosababisha ugonjwa huondolewa jeni zao, hupakiwa jeni ya fakta ya 9, kisha huingizwa katika mshipa na kuelekea kwenye ini, ambalo huanza kuitengeneza fakta hiyo. Matokeo ya kwanza yenye kutia moyo yalichapishwa mwaka 2011, na wagonjwa wa jaribio hilo wamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10 huku ini likiendelea kutengeneza fakta.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa mgonjwa wa namna nyingine kabisa. Mwaka 2009 watafiti wa Padua, Italia, walieleza habari za kijana aliyepata bonge la damu katika mshipa wa mguu kwa sababu fakta yake ya 9 ilifanya kazi takriban mara 8 ya kawaida. Badiliko la jeni lililomdhuru yeye ndilo linalotumika katika tiba iliyoidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2022, kwa kuwa kiasi kidogo cha fakta ya aina hiyo kinatosha.

Mipaka nayo ni ya kweli. Wenye ini lililoharibika hawafai, na tiba nyingi za namna hii hazimfai mwenye kingamwili za kutosha dhidi ya virusi hivyo. Watoto hawapewi, kwa kuwa ini lao linakua. Wengine hupata uvimbe wa ini katika miezi ya mwanzo na kuhitaji dawa za steroidi. Bei iliyotangazwa ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 3.5, na hilo, mzee wangu, ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Kijana wako anaweza pia kuuliza kuhusu dawa mpya za kuchomwa chini ya ngozi, ambazo hazileti fakta bali hupunguza protini zinazozuia kuganda.

Kuhusu wajukuu, tiba hiyo hubaki katika ini na haibadilishi mbegu za uzazi. Mabinti wote wa mwanamume mwenye hemofilia hurithi X yake, hivyo wote wawili wameibeba jeni hiyo tangu kuzaliwa, na tiba ya baba yao haiwezi kuiondoa. Wapimwe kiwango cha fakta ya 9 sasa, kabla ya hedhi ya kwanza na kabla ya upasuaji wowote, na majibu yaandikwe katika kadi zao za hospitali.