"Nimalizieni"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgonjwa asiye na tumaini la kupona, akiomba asaidiwe kufa, akubaliwe? Mimi nasema hapana. Ila hapana yangu ina ufa, nao nitauonyesha.

Mama yangu mdogo aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali ilimrudisha nyumbani na panado na diklofenaki, basi. Usiku alikuwa akiuma upindo wa khanga asije akawaamsha watoto. Siku moja akanishika mkono: "Mwanangu, nimalizieni." Sheria naijua. Tanzania, anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Lakini saa nane za usiku, aliyekaa kando ya kitanda hawazi jela. Anawaza namna ya kuinyamazisha ile sauti.

Muuguzi wa tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, ndiye aliyetuletea mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, na hapo ugomvi ukaanza. Mjomba, ambaye ni katekista, aligoma isiingie ndani. Dawa ile ni ya kumalizia watu, alisema; tukimpa, tumemuua sisi. Aliyemlainisha ni padre. Alimweleza kwamba Papa Pius XII aliulizwa na madaktari swali hilohilo, akawajibu mwaka 1957: dawa ya maumivu ni halali hata kama yaweza kufupisha maisha, ilimradi nia ni kutuliza, si kuua. Muuguzi akacheka, akasema kwa kipimo kile hata hayo maisha hayafupishwi.

Tukawa tunapima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kila baada ya saa nne, na ya kulalia maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Na papai kila siku, maana mofini inafunga choo vibaya mno. Siku ya tatu aliamka akauliza ni nani kaacha khanga zake kwenye kamba na mvua ile inakuja. Aliishi wiki tisa zaidi. Lile neno hakulirudia.

Ndiyo maana huu mjadala wa haki ya kufa, kwetu huku, naona umeruka hatua. Jirani zetu Uganda waliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa mofini tangu 2004. Sisi bado kuna nyumba zinazouma khanga.

Sasa ule ufa. Jimbo la Oregon, Marekani, sheria yao ya kusaidiwa kufa inafanya kazi tangu 1997: mgonjwa anayekadiriwa kubakiza miezi 6 au pungufu anaandikiwa dawa ya kufia, anainywa mwenyewe. Katika taarifa zao za kila mwaka, wakieleza sababu ya kuiomba, wengi wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia na raha ya kuishi kuliko wanavyotaja maumivu. Mtu huyo chupa yangu ya mofini haimjibu. Nikimwambia uhai ni amana ya Mungu, naye Mungu wangu hamwamini, nimemwambia nini?

Na si wa Oregon tu. Wiki ya mwisho, maumivu yametulia kabisa, mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, nimechoka kugeuzwageuzwa kama kitoto." Hakusema anaumwa. Nikamjibu, "Bado upande mmoja, mama," nikamgeuza.