Anza na namba ya CAS, si jina la kwenye kopo

Wenzangu wa afya kazini huniuliza waanzie wapi mfanyakazi anapougua na kemikali anayoishika haieleweki. Anza na namba ya CAS, yaani namba ya utambulisho ambayo kila kemikali hupewa ya kwake. Jina la biashara hubadilika kila msambazaji akibadilika, lakini namba haibadiliki.

Chukua gundi ya viatu. Fundi anakuja na ganzi kwenye vidole vya miguu, kupanda ngazi kunamshinda. Kopo lina jina la gundi na alama ya moto, basi. Dai karatasi ya taarifa za usalama. Kwa GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, inapaswa kuwa na sehemu 16, nami huruka moja kwa moja hadi ya 3, penye viambato. Ukiona 110-54-3, hiyo ni n-heksani, ambayo mwilini hugeuka kuwa sumu ya neva za miguu na mikono. Sasa ile ganzi huwezi kuipuuza. Soma na viambato vilivyobaki, maana methili ethili ketoni, inayopatikana kwenye gundi nyingi, huzidisha madhara ya heksani.

Karatasi hiyo imeandikwa na anayeuza, kwa hiyo ilinganishe. Mimi hufungua kwanza Kadi za Kimataifa za Usalama wa Kemikali za Shirika la Kazi Duniani (ILO) na Shirika la Afya Duniani (WHO): ni za bure, fupi, na hupitiwa na wataalamu. Nikitaka tafiti zenyewe huenda PubChem, hifadhidata ya bure ya kemikali mtandaoni.

Kwenye viwango vya kemikali hewani ndipo pa kutulia. Kwa n-heksani, kikomo cha kisheria cha OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama kazini, ni ppm 500 (sehemu 500 kwa kila sehemu milioni za hewa) kwa wastani wa saa 8, ilhali NIOSH, taasisi ya utafiti wa afya kazini ya serikali hiyohiyo, inapendekeza 50. Mara kumi! Kile cha 500 kimerithiwa tangu miaka ya 1970. Basi ukiambiwa hewa ya kiwandani "iko ndani ya kiwango", uliza ni kiwango cha nani na cha lini. Mimi hushika kile cha chini, kwa sababu ninayemlinda ni mtu mwenye neva.

Mkiwa Tanzania na msambazaji anakwepa kutaja viambato, wapelekeeni suala hilo OSHA ya Tanzania (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Na mwambieni fundi alete picha ya lebo ya kopo kubwa la stoo, kwani gundi inayofika mezani kwake mara nyingi imeshamiminwa kwenye chupa ya maji isiyo na maandishi yoyote.