Uliza Shangazi: Bahari haiko, nani amezibua?

SWALI: Assalaam aleikum Shangazi. Mimi na baba watoto tumecheza chama miaka miwili na zamu yetu imefika, sasa tunataka holidei ya ukweli, hoteli ya nyota tano, kisiwani, si ile ya kubeba pilau kwa hotpoti twende ufuo wa Pirates jioni turudi. Watoto ni watatu, wa miaka 9, wa 6, na kitinda mimba anatimiza miwili tarehe 14 mwezi wa nane. Mama mkwe pia yumo. Tunatoka Agosti shule zikifungwa. Mume anataka Mauritius, mimi nataka Zanzibar, na mama mkwe anatucheka tu, ati kisiwa gani tena na nyinyi mmezaliwa kisiwani? Tuamulie.
– Mama Watatu, Tudor, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mama mkwe wako nimempenda kabla sijamuona. Lakini muulize jambo moja ambalo yeye analijua kuliko hao maajenti wote wa safari: maji. Kabla hujauliza nyota za hoteli, uliza maji.

Nikupe kisa. Kuna mwaka nilimpeleka binti wa kaka yangu, miaka mitano, Paje, mashariki ya Unguja, hoteli nzuri wallahi, mashuka meupe mpaka unaogopa kukaa. Kwenye picha zao zote maji yamegusa ngazi, na tulipofika jioni kweli yako ngazini. Asubuhi saa nne mtoto keshavaa boya lake la bata, tunatoka, bahari haiko. Mchanga mtupu, mashua zimelala ubavu, kina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba zao, na kule mbaaali mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika kwenye mwamba. Akanitazama akaniuliza, "Shangazi, nani amezibua?" Alidhani ni kama beseni. Tukakaa na bata wetu kwenye kidimbwi cha maji ya vuguvugu yaliyotufika kwenye vifundo vya miguu.

Kosa langu mwenyewe, tena mimi mtoto wa Mji wa Kale nisingizie nani? Ilikuwa tarehe kumi na sita ya mwezi wa Kiislamu, bamvu lenyewe, maji makubwa. Ufuo wa mashariki, kuanzia Matemwe mpaka Paje na Jambiani, ni tambarare, na siku za bamvu maji hupanda na kushuka kama mita 4 hivi, kwa hivo yakikupwa unaweza kutembea kilomita nzima hujalowa magoti. Halafu bamvu la huku kwetu lina ubaya wake, maji hukupwa saa nne saa tano asubuhi, saa hasa watoto wamemaliza chai na wanakuvuta mkono. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, ni kinyume, saa hizo ndo yamejaa, na hata yakikupwa hayaendi mbali.

Sasa fanya hivi, shika ile kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia jikoni, tafuta tarehe saba mpaka kumi, au ishirini na mbili mpaka ishirini na tano za mwezi huo, hapo ndo ubuku vyumba. Na chukua hoteli ya ncha ya kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule kina kiko karibu na mtu anaogelea karibu siku nzima maji yajae yakupwe. Agosti ni upepo wa kusi, na Kendwa iko upande uliokingwa. Paje kusi ni raha kwa wale vijana wanaovutwa na tiara juu ya maji, si kwa mtoto wa miaka miwili.

Sasa baba watoto. Mauritius ni pazuri sikatai, kisiwa karibu chote kimezungukwa na mwamba, ndani maji yametulia kama ya birika na kupwa kwake ni kidogo sana, hutaona bahari imehama. Wahindi tele, Waislamu wako wa kutosha, kwa hivo chakula cha halali si kazi kukipata, na biriani yao wanaiita briani. Tatizo ni mwezi. Agosti kwao ni baridi, usiku huteremka mpaka digrii 17 hivi, na upande wa mashariki upepo haupoi. Mzungu wa Ulaya ataiita hali nzuri ya hewa, ila mama mkwe wa Tudor atakaa chumbani na shuka mbili akiuliza mtarudi lini. Tena muanze kwa kuenda Nairobi, kisha ndege ya muda wa saa nne, na watoto watatu. Zanzibar ukipata ndege ya moja kwa moja hapo uwanja wa Moi haifiki saa moja. Mwambie Mauritius muiweke Oktoba au Novemba siku watoto wakimaliza shule, na wakati huo achague Flic en Flac au Trou aux Biches, upande wa magharibi na kaskazini.

Hoteli yenyewe sasa. Miaka 12 nilikaa risepsheni ya hoteli moja ya pwani hii kwa hivo nisikilize. Neno "rumu ya familia" halina maana moja, kwingine ni vyumba viwili vyenye mlango katikati, kwingine ni kitanda kikubwa na sofa inayokunjuliwa, na wewe uko na mama mkwe. Omba picha ya chumba hicho hicho, si ya "chumba kama hicho". Kule kwa michezo ya watoto hoteli nyingi huchukua kuanzia miaka 4, kwa hivo kitinda mimba ni wako asubuhi mpaka jioni, uliza kama wana yaya na ni kiasi gani kwa saa. Ol inklusivu, yaani kulipia vyakula na vinywaji vyote mara moja, kwa familia kama yenu isiyokunywa pombe ni kuwalipia wengine bia zao, mimi ningechukua hafu bodi, chai na chakula cha usiku, mchana mnakula samaki kijijini. Lakini kama hao wawili wakubwa ni wa kuitisha juisi na aisikrimu kila dakika kumi, basi piga hesabu tena.

Na jambo la tarehe 14 usilisahau. Ndege hupakata mtoto bila kiti mpaka siku anapotimiza miwili. Mkienda tarehe 11 mkarudi 16, safari ya kurudi atadaiwa kiti, na wengine hugundua wakiwa uwanjani na foleni nyuma yao inasonya.

SWALI: Shangazi, naenda Zanzibar na binti yangu peke yetu, babake yuko Qatar. Nitasumbuliwa?
– Wa Mikindani

JIBU: Inategemea utakayemkuta dirishani pa uhamiaji, kwa hivo beba vyote: pasi ya mtoto, cheti cha kuzaliwa, na barua ya babake ya ruhusa yenye kopi ya pasi yake. Viza Mkenya hahitaji. Cheti cha yelofiva, homa ya manjano, mnahitaji, wewe na mtoto yeyote aliyepita mwaka mmoja, na sindano huhesabika baada ya siku 10, usiende kuchomwa jana ya safari. Ukishachomwa mara moja ni ya maisha. Pia tangu Oktoba 2024 Zanzibar inataka mgeni anunue bima yao, uliza kabla hujasafiri kama Mkenya naye yumo na ni kiasi gani.

SWALI: Kwa nini tupeleke pesa nje na Diani iko hapa?
– Mkereketwa, Likoni

JIBU: Nani kakukataza? Wewe uko Likoni, hata kuvuka feri huhitaji. Ila Diani si kisiwa, na mwenzio wa Tudor kataka kisiwa. Wewe nenda Mei au Juni hoteli zikiwa tupu, piga simu mwenyewe uitishe bei ya wakaazi kabla hawajakutajia ya dola, kitambulisho utaonyesha pale risepsheni. Mwani utaukuta umejaa ufuoni, kusi hiyo, usilalamike kwangu. Kisiwa ukikitaka, toka siku moja mpaka Shimoni uvuke Wasini, watoto waone pomboo kule Kisite, mle kaa mchana. Vaa kofia, jua la kwenye mashua haliulizi mtu kazaliwa wapi.